Uchungu Uliopoa Si Kosa la Mama

Mjamzito wa miezi saba akiletwa kituoni usiku, tumbo linakaza na kuachia, kiuno kinamkata, mume wake huwa na swali moja tu: “Nesi, anajifungua leo au hajifungui?” Si udadisi. Nikisema anajifungua, gari liitwe, mama ashushwe hospitali ya wilaya, ndugu wa kumhudumia afuatane naye, watoto waliobaki watafutiwe pa kulala, na hela ya kula ya wiki nzima ipatikane usiku huohuo. Nikisema hajifungui, kisha saa tisa za usiku akazaliwa mtoto wa kilo moja na robo mahali pasipo na oksijeni ya kutosha, jibu langu litakuwa limemgharimu mtoto uhai.

Mimi ni muuguzi mkunga. Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya milimani, wilaya ya Lushoto, katika vituo ambavyo masika ikikolea njia za vijijini huwa utelezi mtupu na pikipiki hukokotwa badala ya kupandwa. Ninaandika kwa ajili ya kundi la kinamama ambalo halisemewi na mtu. Ni wale tuliowashusha hospitali kwa haraka, wakalazwa, uchungu ukapoa, wakarudi kwao na mimba yao ikiwa salama. Hao ndio wengi, na hao ndio tunaowatendea vibaya.

Watu huamini kwamba uchungu ukianza kabla ya wakati basi mtoto yuko njiani. Sivyo. Nchini Uingereza ulifanyika utafiti uitwao QUIDS, uliohusisha hospitali 26 na wajawazito 2,924 waliofika wakiwa na dalili za uchungu wa mapema. Waliojifungua ndani ya siku saba walikuwa 85. Hawafiki watatu katika kila mia. Mwingereza hufika hospitali mapema, kwa gari, kwa dalili ndogo. Mama wa kwetu hupanda pikipiki baada ya kuvumilia kutwa nzima, kwa hiyo sitarajii hesabu zetu zilingane na zao. Lakini mkunga yeyote aliyekesha wodini atakubaliana nami kwamba wanaopoa ni wengi kuliko wanaojifungua.

Tumbo la uzazi hukaza kwa sababu nyingi. Mkojo wenye maambukizi hulikaza. Malaria hulikaza, ndiyo maana mama akiwa ametoka kukaa kwa ndugu zake tambarare, Mombo au Korogwe, siruki kipimo hicho hata kama hana homa. Kukosa maji mwilini hulikaza. Na kuna ule mkazo wa kawaida, uchungu wa uongo, ambao huja na kuondoka wenyewe bila kufungua njia.

Kwa hiyo tunapima kwa vile tulivyo navyo. Namlaza mama kwa ubavu wa kushoto, naweka kiganja juu ya tumbo, upande wa juu pale mji wa mimba unapoishia, macho yangu yakiwa kwenye saa ya ukutani. Dakika kumi, bila kuongea. Mkazo wa kweli huanzia juu, husukuma kiganja, na tumbo huwa gumu kama paji la uso; nahesabu unadumu sekunde ngapi na umerudi mara ngapi. Wakati huo mwenzangu anachovya kijiti kwenye mkojo. Ndipo naangalia kama maji yanavuja au kuna ute wenye damu. Maji yakiwa yanavuja siingizi vidole, kwa sababu vidole hupeleka wadudu ndani. Kama hayavuji, naangalia njia imefunguka kiasi gani. Ikiwa sentimita nne, hakuna tena cha kutabiri, tunajiandaa. Lakini ikiwa imefungwa, au imelegea kidogo tu? Hapo kiganja changu na saa ya ukutani vimefika mwisho wa uwezo wao.

Swali zito kuliko yote huwa bado halijajibiwa: mimba ina wiki ngapi? Uchungu wa wiki 36 na uchungu wa wiki 28 ni mambo mawili tofauti kabisa. Huyu wa 36 naweza kumzalisha palepale. Wa 28 lazima ashuke. Sasa nitazameni kadi ya kliniki ya mama mmoja kati ya wengi. Kwa hedhi ya mwisho imeandikwa wiki 31. Kwa utepe tuliompimia tumbo, 28. Kwa altrasaundi aliyopigwa mwezi uliopita mjini, 34. Kadi moja, mimba moja, umri mara tatu.

Si uzembe wa mama. Mwingine alikuwa anatumia sindano ya uzazi wa mpango, akaacha, hedhi haijarudi akashika mimba. Mwingine alikuwa ananyonyesha. Aliyekuwa akiona siku zake vizuri hakuziandika, ila anazo kumbukumbu nyingine, na hizo nimejifunza kuziheshimu. Karibu na meza yangu nilikuwa nabandika kalenda kubwa niliyoitia alama kwa kalamu nyekundu: Idi zote mbili, Maulidi, Krismasi, Pasaka, mtihani wa darasa la saba, kuvuna maharage ya vuli, kuvuna ya masika. Mama akisema “niliona siku zangu tulipokuwa tunapiga maharage, kabla ya Maulidi”, tunakaa naye na ile kalenda mpaka tarehe ipatikane. Mara nyingi inapatikana, na mara nyingi ni ya kuaminika kuliko picha iliyopigwa tumbo likiwa limeshakuwa kubwa. Altrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo hukosea kwa siku chache, wiki moja hivi. Ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea hata wiki tatu, kwa sababu kufikia hapo watoto wameshatofautiana maumbile, na mashine hupima mwili wa mtoto, haihesabu siku alizokaa tumboni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apigwe altrasaundi angalau moja kabla ya wiki ya 24. Kwetu, utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban theluthi moja tu ya wajawazito huanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Wengine huja tumbo likiwa limeshaonekana, na nafasi ya tarehe ya uhakika imeshapita.

Mtu atasema: kwa nini msiwachome wote sindano za kukomaza mapafu mkamaliza? Kama kuzuia hamwezi, kingeni. Nalisikia hili hata kwa wataalamu wenzangu, na nalipinga kwa nguvu zote.

Sindano hizo ni moja ya zawadi kubwa ambazo tiba imewapa watoto njiti. Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, aliziona zikifanya kazi kwa wanakondoo miaka ya 1960, na mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakatangaza kwamba kwa binadamu pia mapafu ya njiti hukomaa haraka mama akichomwa kabla ya kujifungua. Lakini nguvu yake ina muda. Humfaa zaidi mtoto anayezaliwa baada ya siku moja au mbili tangu mama achomwe, na kabla ya siku saba kupita. Ukimchoma mama leo kwa uchungu utakaopoa, akaja kujifungua mwezi ujao, umempa dawa nzito bila faida, na ulipohitaji kinga hiyo kweli imeshaisha.

Tena kuna madhara. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, ambako sindano hizi zilisambazwa mpaka ngazi za chini na watoa huduma wakafundishwa kuwatambua wanaoelekea kujifungua mapema. Vifo vya watoto wadogo zaidi kwa uzito havikupungua. Kwa watoto wote kwa jumla, vifo viliongezeka kwa 3.5 katika kila elfu, na kinamama walioshukiwa kuwa na maambukizi wakaongezeka. Wengi wa waliochomwa hawakuwa wa kujifungua njiti. Nia ilikuwa njema kabisa, utabiri ndio uliokosea.

Miaka mitano baadaye WHO ilirudia swali hilo kwa umakini mwingine: hospitali 29 za nchi tano, Kenya ikiwamo tena, wajawazito 2,852, umri wa mimba ukiwa umethibitishwa kwa altrasaundi, na hospitali zenye uwezo wa kumhudumia njiti. Safari hii watoto waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa 19.6 katika kila mia kwa waliochomwa dawa, na 23.5 kwa wasiochomwa. Katika kila kinamama 25 wanaochomwa, mtoto mmoja anaokoka. Dawa ni ileile, deksamethasoni, chupa ndogo ambayo hata kituo changu kilikuwa nayo kabatini. Nikiziweka tafiti hizo mbili pamoja, naona kilichotofautiana ni kujua nani anachomwa, wiki ya ngapi, na anajifungulia wapi.

Vipimo vya kusaidia kutabiri vipo. Kimoja ni cha protini iitwayo fibronektini, gundi inayoshikilia mfuko wa mtoto kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mimba ikiwa imetulia, kati ya wiki ya 22 na ya 35, gundi hiyo haitarajiwi kuonekana ukeni kwa wingi. Pamba huzungushwa nyuma ya shingo ya kizazi, kabla ya vidole kuingia, na mashine hutoa namba. Chini ya 50, uwezekano wa kujifungua ndani ya wiki ni mdogo sana. Damu hukiharibu kipimo hiki, na kukutana na mume juzijuzi hukiharibu pia. Kingine ni kupima urefu wa shingo ya kizazi kwa altrasaundi ya kupitia ukeni, mama akiwa ametoka kukojoa. Ikizidi milimita 30, pumua. Ikiwa chini ya 15, usimwachie mama aende mbali. Watafiti wa King's College London wametengeneza hata programu ya simu, QUiPP, inayochukua namba hizo pamoja na historia ya mama na kutoa asilimia ya hatari. Ilipojaribiwa katika hospitali za huko, haikupunguza maamuzi yasiyofaa kama ilivyotarajiwa. Silisemi hilo kuibeza. Linanionyesha kwamba hata penye mashine zote, namba pekee haimwamulii mtu.

Kati ya hivyo viwili, mimi ningeanza na shingo ya kizazi. Kipimo cha fibronektini ni cha kununua upya kwa kila mama, na kikiisha kimeisha. Altrasaundi ikishafika inabaki, na mashine ileile inayotoa tarehe mimba ikiwa changa ndiyo itakayopima shingo ya kizazi mimba ikisumbua, ikiwa tu italetwa na kile kifaa chake cha ukeni. Mara nyingi mashine huletwa bila hicho kifaa, au huja nacho kikafungiwa kabatini kwa sababu aliyefundishwa kukitumia amehamishwa. Wakunga tunaweza kufundishwa. Mkono unaosoma mkazo kwa kiganja unaweza kujifunza kusoma milimita kwenye kioo.

Lakini hata tukipata vyote hivyo kesho, tutaendelea kuwashusha kinamama ambao hawatajifungua. Utabiri utapungua makosa, hautaisha makosa. Kinachonikera ni kwamba hospitali, halmashauri na familia, sote tumekubaliana kimyakimya kwamba anayelipia makosa hayo ni mama mwenyewe.

Kuna mama mmoja ninayemfikiria kila ninapoandika neno rufaa. Mimba ya tatu. Ya kwanza alijifungua njiti, hakuishi. Kujifungua mapema mara moja ni moja ya ishara kubwa kwamba inaweza kutokea tena, kwa hiyo alipokuja na mkazo wa kila dakika saba, kalenda yetu ikisema wiki 29, sikuwa na la kujadili. Alishushwa. Huko alikofika akalazwa, akapewa vidonge vya kutuliza uchungu, akachomwa sindano, na baada ya siku kadhaa tumbo likatulia. Akaruhusiwa kwa maneno matupu. Hakuandikiwa shingo ya kizazi ina urefu gani, wala arudi lini, wala akiona nini. Aliyekuwa zamu alimwambia amekuja kujaza kitanda. Nauli ya kupanda akakopa kwa shangazi yake aliyeko mjini. Nyumbani mama mkwe akampokea kwa kusema, “Haya, umeshapumzika, kuna viazi shambani.”

Wiki chache baadaye mkazo ulimrudia jioni. Akanyamaza. Alimpikia mumewe, akalaza mtoto, akakaa gizani akihesabu mwenyewe. Alijifungulia ndani kabla ya mapambazuko, na walipomleta kwangu mtoto alikuwa amefungwa kanga mbili mbichi, ngozi yake baridi mpaka tumboni. Tulimpasha joto kifuani kwa mama yake, tukampa hewa, tukaita gari. Hakufika mchana. Nilipomuuliza mama kwa nini hakuja jioni ileile, alisema, “Niliona haya, nesi. Nikirudi tena na mimba watasema nadanganya.”

Mtoto yule alihitaji kuzaliwa mahali palipo sahihi. Mwaka 2021 ulitangazwa utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, uliowaweka watoto wadogo kifuani kwa mama zao, kangaruu, mara tu baada ya kuzaliwa, ndani ya wodi maalumu ya watoto wachanga. Vifo vilikuwa 12.0 katika kila mia, dhidi ya 15.7 kwa wale waliosubirishwa kwanza mpaka watulie. Kifua cha mama kila mtoto anacho. Wodi yenye oksijeni, mrija wa kumlishia maziwa na muuguzi anayejua kuhesabu pumzi iko bondeni, na mtoto anapaswa kufika huko akiwa bado tumboni.

Najua hoja ya upande wa pili. Nimekaa kwenye vikao ambako mganga mfawidhi huulizwa kwa nini mafuta ya gari yameisha katikati ya mwezi, na hutajwa hao “walioshushwa bure”. Mafuta ni ghali, sikatai. Ila msamiati huo uondoke kwenye taarifa zetu. Mama aliyeshuka akarudi na mimba ya wiki 31 amepata alichofuata, siku zaidi za mtoto tumboni. Aandikwe hivyo kwenye takwimu za kituo, kama rufaa iliyofanikiwa, ili muuguzi wa zamu asiogope kumshusha mwenzake wiki ijayo.

Tumeshaona kwamba watu wakisema kwa sauti, mambo hubadilika. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, na taasisi yake walipaza sauti kwa miaka kudai mama wa njiti aliyeajiriwa apewe muda zaidi wa likizo, na mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa. Namba ya bure 115 ya mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama leo inaita gari la dharura kutoka vijijini, jambo ambalo nilipoanza kazi lingeonekana ndoto. Hayo yamemfikia mama aliyekwisha kujifungua na mama anayeshuka. Sasa tumfikie anayerudi.

Akiruhusiwa, aondoke na karatasi: wiki za mimba na zimepatikanaje, shingo ya kizazi ina milimita ngapi, sindano amechomwa tarehe gani, na arudi akiona nini. Kama anakaa mbali au aliwahi kupata njiti, asirudishwe mlimani, akae kwenye nyumba ya mama ngojea karibu na hospitali, na nyumba hizo ziwe na maji, jiko na kitanda, si ukumbi wa kulalia chini. Nanyi kina baba na kina mama mkwe, tumbo likikaza mara kwa mara kabla ya miezi tisa, au maji yakitoka, au ute ukiwa na damu, pigeni 115. Hata kama ni mara ya tatu. Hasa kama ni mara ya tatu.

Kwa madiwani, halmashauri zinapopanga bajeti ya mwaka ujao naomba vifungu viwili tu. Kimoja cha kifaa cha ukeni kwa kila mashine ya altrasaundi iliyoko kituo cha afya, pamoja na mafunzo ya mkunga mmoja mmoja wa kukitumia. Kingine cha nauli ya kumrudisha nyumbani mama ambaye uchungu wake umepoa, ilipwe na hospitali, mkononi, kabla hajatoka getini.